Utangulizi wa Elimumbofyo: Fasili, Aina na Hatima ya Mbofyo wa Kibiashara

Mwanafunzi, kaa vizuri. Weka simu kando, au walau ondoa kidole juu yake, maana kidole hicho ndicho somo la leo. Fani unayoingia inaitwa Elimumbofyo. Kazi yake ni kuchunguza tendo la kubofya kwa nia ya kununua, kukubali au kufungua, na athari za tendo hilo kwa soko, kwa mahakama na kwa mwenendo wa ulimwengu. Wapo wasomi wanaodai kwamba mambo makuu ya karne ya 20 yalikuwa vita, uhuru wa mataifa na safari ya mwezini. Siwalaumu, kila mwamba ngoma huivutia ngozi kwake. Lakini vita vilikwisha, wageni wa mwezini wakarudi makwao, na mbofyo bado unaendelea.

Nitafundisha kwa utaratibu: fasili kwanza, kisha anatomia, kisha aina, kisha pingamizi. Asiyejua fasili asithubutu kugusa aina.

SEHEMU YA KWANZA: FASILI

1.1 Mbofyo (wingi: mibofyo). Tendo la kidole kimoja juu ya kitufe kimoja, lenye mwanzo, kilele na mwisho, linalobadilisha hali ya kitu kilicho mbali. Kuwasha taa ya chumbani si mbofyo, ingawa kidole ni kilekile, kwa sababu taa haikuulizi anwani yako.

1.2 Mbofyaji. Kiumbe mwenye kidole na nia. Mwenye kidole bila nia, kama mtoto mchanga au paka anayekatiza juu ya kibodi, huitwa Mbofyaji-Bahati, na mikataba yake ina walakini.

1.3 Mbofywa. Kitufe kinachopokea tendo. Kinaweza kuwa cha plastiki, au kikawa mchoro tu kwenye kioo. Elimumbofyo haibagui.

1.4 Mbofyuko. Hali ya nafsi mara baada ya mbofyo, pale mtu anapotambua kwamba jambo limekwisha kutendeka na kadi imekwisha kukatwa. Mbofyuko haupimiki kwa chombo chochote, lakini kila mwenye kadi ya benki anaujua.

SEHEMU YA PILI: ANATOMIA YA MBOFYO

Mtu wa kawaida huona mbofyo kama jambo moja. Mtaalamu huona hatua tano, nazo hufuatana daima kama ifuatavyo:

(i) Msogeo: mkono unasukuma kipanya kuelekea kitufe.

(ii) Mtuo: mshale unatua juu ya kitufe na, aghalabu, kugeuka kiganja chenye kidole kimoja kilichonyooka. Kwamba kompyuta huchora kidole ili kukiamrisha kidole, ni jambo ambalo wanafalsafa wa kale wangelitolea vitabu vizima.

(iii) Mgandamizo: kitufe kinashuka.

(iv) Mlio: swichi iliyomo ndani ya kipanya inatoa sauti kavu. Wachanga wa fani hudhani sauti hii ndiyo mbofyo wenyewe. Sauti ni tarumbeta tu. Sultani bado yuko njiani.

(v) Mwachio: kidole kinainuka.

Hapa, mwanafunzi, shika kalamu. Katika ukurasa wa intaneti, kitufe cha kawaida hakifanyi kazi mpaka kidole kiinuke mshale ukiwa bado juu ya kitufe kilekile. Jaribu kwenye maabara: bonyeza kitufe, usiachie, buruta mshale mpaka nje ya kitufe, ndipo uachie. Hakuna kitakachotokea. Kutokana na jaribio hili tunapata Kanuni ya Mwachio: hakuna mtu aliyewahi kununua kitu mtandaoni kwa kubonyeza, wote walinunua kwa kuachia. Muda uliopo kati ya hatua ya (iii) na ya (v) tunauita Barzakhi ya Kidole. Aliyeko humo hajanunua wala hajaacha kununua, na mlango wa toba kwake uko wazi.

SEHEMU YA TATU: AINA ZA MIBOFYO

Aina ya 1: Mbofyo-Asilia

Mbofyo huu ulizaliwa California katika miaka ya 1960, kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford, ambako Douglas Engelbart alibuni kipanya na mwenzake Bill English akakiunda. Cha kwanza kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alionyesha kazi yake mbele ya wataalamu huko San Francisco. Kufikia siku hiyo vitufe vilikuwa vimefika vitatu.

Tarehe 17 Novemba 1970 serikali ya Marekani ilitoa hataza namba 3,541,541. Hataza, kwa usiyejua, ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya kuwazuia wengine wasitumie ubunifu wake kwa muda maalumu. Muda wa hii uliisha mwaka 1987, wakati nyumba nyingi bado hazijaona kipanya, na Engelbart hakupata mrabaha hata senti moja. Piga mstari chini ya jambo hili: aliyekipa kidole mahali pa kubofya hakulipwa. Tutaona punde ni nani aliyelipwa, na kwa ajili ya nini.

Idadi ya vitufe ilizaa madhehebu matatu. Watatu walifuata kompyuta ya Alto ya Xerox. Wawili walifuata kipanya cha Microsoft cha mwaka 1983. Wamoja walifuata Lisa ya Apple ya mwaka huohuo, ambayo kipanya chake kilikuwa na kitufe kimoja ili mtumiaji asipate hata nafasi ya kukosea kitufe. Mjadala wao haujaisha, na wewe huruhusiwi kuoa au kuolewa kabla ya kuchagua upande.

Aina ya 2: Mbofyo-Pacha

Wamoja walipobaki na kitufe kimoja na mambo mengi ya kufanya, ilibidi kubofya mara mbili kuhesabiwe kuwa tendo tofauti na kubofya mara moja, kisha mara moja tena. Usicheke. Tofauti hii ina kipimo. Katika Windows, muda uliowekwa tangu kiwandani ni milisekunde 500. Mibofyo miwili ikiachana kwa milisekunde 499 ni mbofyo mmoja ulio pacha. Ikiachana kwa 501, ni mibofyo miwili isiyo na undugu wowote, na faili halifunguki. Mwanadamu alipima nyota kabla ya kupima jambo hili, na huko ni kupanga mambo kinyumenyume.

2(b) Mbofyo-Pacha Haramu. Intaneti ilipoingia majumbani, watu waliozoea kufungua faili kwa Mbofyo-Pacha waliendelea na mtindo uleule kwenye vitufe vya malipo. Modemu ilikuwa inajikokota, skrini imenyamaza, mteja akadhani hakusikika, akabofya tena. Kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja kikawa viwili. Ndiyo maana maduka mengi ya zama zile yaliandika kando ya kitufe ombi la kubofya mara moja tu. Ombi hilo ndilo andiko la kwanza la maadili katika fani yetu.

Aina ya 3: Mbofyo-Kiungo

Huu ni mbofyo wa kuhama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kwa muda ulidhaniwa kuwa hauna mwenyewe, kama hewa. Kumbe kampuni ya simu ya Uingereza, British Telecom, ilikuwa na hataza ya Marekani namba 4,873,662, iliyotolewa mwaka 1989, juu ya mtambo wa kusomea maandishi yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta kwa njia ya simu. Kampuni ikasema kwamba kila kiungo cha intaneti kimo ndani ya hati hiyo, na Desemba 2000 ikaishtaki Prodigy, kampuni ya Marekani iliyouza huduma za intaneti.

Agosti 2002 mahakama ya New York ilitupa dai hilo. Hati ilizungumzia kompyuta kuu moja ambayo wote wanaitegemea, na intaneti haina kitovu cha namna hiyo. Tazama ukubwa wa jambo hili, mwanafunzi. Mahakama, ikiwa imeombwa tu kuamua nani anamiliki kubofya, ililazimika kwanza kutamka kwamba ulimwengu wa mtandao hauna katikati. Wanafizikia wanaokesha na darubini wangeweza kuokoa muda kwa kuja mahakamani.

Aina ya 4: Mbofyo-Ridhaa

Huu ni mbofyo unaosema “nakubali”. Sifa yake kuu ni kwamba mbofyaji hajui anakubali nini. Suala lililozua mzozo wa kitaaluma ni hili: je, kila mbofyo una ridhaa ndani yake, au ridhaa ni kitu kinachoongezwa?

Jibu lilikuja mwaka 2002, katika kesi ya Specht dhidi ya Netscape. Watumiaji walikuwa wamebofya kitufe cha kupakua programu ya bure iitwayo SmartDownload. Masharti yalikuwepo, lakini yalitajwa chini ya kitufe, mahali pasipoonekana mpaka mtu ashuke zaidi kwenye ukurasa. Na nani hushuka akishapata alichokitaka? Mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Sonia Sotomayor, ambaye baadaye aliingia Mahakama Kuu ya Marekani, iliamua kwamba kubofya ili kupakua si kukubali masharti ambayo mtu hakuonyeshwa. Hivyo tunatofautisha 4(a) Mbofyo wa Kuchukua na 4(b) Mbofyo wa Kukubali. Kidole ni kilekile na mlio ni uleule. Tofauti iko moyoni, na pia iko kwenye urefu wa skrini.

Aina ya 5: Mbofyo-Pekee

Simama, mwanafunzi. Tumefika kileleni. Unaweza kukaa tena.

5.1 Zama za Giza. Tarehe 11 Agosti 1994 duka la mtandaoni la NetMarket liliuza diski ya muziki ya Sting kwa dola 12.48, mbali na gharama ya kuisafirisha, namba ya kadi ikiwa imefichwa kwa usimbaji. Julai 1995 Amazon ilifungua duka lake la vitabu. Biashara ikawezekana, lakini njia ilikuwa ndefu. Mteja alibofya kitabu, akakiweka kikapuni, akafungua kikapu, akaenda kwenye malipo, akaandika jina, anwani, namba ya kadi, akachagua namna ya kutumiwa mzigo, akathibitisha. Kila ukurasa ulipita kwenye waya wa simu kidogo kidogo, na katika kila kituo mteja alipata wasaa wa kujiuliza kama kweli alihitaji kitabu hicho. Wengi walijijibu. Vikapu vilitelekezwa njiani vikiwa vimejaa.

5.2 Ubunifu. Tarehe 12 Septemba 1997 Amazon iliomba hataza, wabunifu wakiwa Peri Hartman, Jeff Bezos, Shel Kaphan na Joel Spiegel. Tarehe 28 Septemba 1999 ikapewa namba 5,960,411. Utaratibu wake ni huu. Duka lilikuwa na jina, anwani na kadi ya mteja tangu awali. Kompyuta ya mteja ilikuwa na kidakuzi, kile kijifaili chenye namba ya utambulisho ambacho Lou Montulli wa Netscape alikibuni mwaka 1994. Mteja anapobofya, namba ya utambulisho na jina la bidhaa vinakwenda pamoja, duka linaoanisha namba na mtu, mzigo unaandaliwa. Basi.

Sasa uliza swali la kitaalamu: kilichobuniwa ni nini hasa? Si kidakuzi, kilichokuwepo. Si kadi, si anwani, si kitabu. Si mbofyo wa kwanza, ambao ni mali ya kila mwenye kidole. Kilichobuniwa ni kutokuwepo kwa mbofyo wa pili. Serikali iliandika hati, ikaipa namba, na kumkabidhi mfanyabiashara pengo. Tunaliita Pengo-Miliki, na katika historia yote ya mali, tangu ng'ombe hadi hisa, hakuna mali iliyotunzwa kwa gharama ndogo zaidi.

5.3 Upana wa tendo. Hati haikusema “mbofyo” tu. Ilidai tendo moja, na ikataja namna zake: kitufe kilichobofywa, sauti iliyotolewa na mtumiaji, rimoti ya televisheni, kitufe kilichobonyezwa. Mtafiti makini atauliza papo hapo: je, chafya? Chafya ni tendo moja, ni sauti, na hutolewa na mtumiaji. Swali hili naliacha kwa tasnifu yako ya uzamivu.

5.4 Mtanange wa 1999. Siku 23 baada ya kupata hati, yaani tarehe 21 Oktoba, Amazon ilimshtaki muuza vitabu mwenzake, Barnes & Noble, aliyekuwa na njia yake ya haraka iitwayo Express Lane. Tarehe 1 Desemba, wakati watu wakinunua zawadi za Krismasi, Jaji Marsha Pechman wa Seattle alitoa zuio la muda. Barnes & Noble hawakufunga duka wala hawakubadilisha vitabu. Walichofanya ni kumwongezea mteja mbofyo mmoja wa kuthibitisha. Mbofyo mmoja ni uvunjaji wa sheria; mibofyo miwili ni biashara halali. Hapo ndipo elimu yetu ilipoacha kuwa mchezo wa wenye muda wa ziada na kuwa jambo la kuapiwa kizimbani.

5.5 Tatizo la Mwanzo wa Hesabu. Umeshatambua ugumu, natumaini. Ukisema “tendo moja”, unaanza kuhesabu wapi? Mteja amebofya ili kufika dukani, amebofya ili kutafuta mwandishi, amebofya ili kuona jalada. Mbona hiyo yote haihesabiwi? Mahakama ya rufaa inayosikiliza mashauri ya hataza ilitoa jibu tarehe 14 Februari 2001: hesabu inaanza baada ya mteja kuonyeshwa taarifa za bidhaa. Mibofyo yote ya kabla ya hapo ni ya matembezi. Majaji watu wazima, waliosoma kwa miaka mingi, walikaa na kuchora mstari sakafuni panapoanzia moja. Huko ndiko kufikiri.

Siku hiyohiyo mahakama iliondoa zuio, kwa kuwa uhalali wa hati yenyewe ulitiwa shaka nzito. Miongoni mwa ushahidi ulikuwemo mtindo wa CompuServe wa katikati ya miaka ya 1990, ambamo mtu alibofya kitufe kimoja akapata mchoro wa bei za hisa na kutozwa senti 50. Pengo lilikwisha kuwepo, ila halikuwa na hati. Mwaka 2002 wahasimu walipatana, na masharti ya mapatano hayakutangazwa. Wakati huo Apple ilikuwa imeshaomba kibali tangu Septemba 2000 na kuwalipa wenye pengo ili nayo isiwe na mbofyo wa pili.

5.6 Hali ya Mwenye Mali. Machi 2000 Bezos mwenyewe aliandika barua ya wazi akipendekeza hataza za programu zidumu miaka mitatu hadi mitano tu. Kisha yeye na mchapishaji Tim O'Reilly, aliyekuwa akimpinga, wote wawili wakatia mitaji yao katika BountyQuest, kampuni ambamo ilitangazwa zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeleta ushahidi wa kuiangusha hataza hiyohiyo. Mtu anayelipia msako wa mali yake mwenyewe tunamwita Mmiliki-Mwindwa. Mali haikuangushwa. Mwaka 2006 raia mmoja wa New Zealand, aliyekasirishwa na kitabu chake kilichochelewa kufika, aliiomba ofisi ya hataza ipitie upya hati. Upitiaji huo ulikwisha mwaka 2010 kwa hati kusimama, ila madai yake makuu yakiwa yamefinywa kwa kutajwa kikapu ndani yake. Ulaya waliikataa, na mwaka 2011 bodi ya rufaa ya ofisi yao ikathibitisha kwamba jambo lenyewe lilikuwa dhahiri mno kuitwa ubunifu. Kanada waliitoa mwaka 2012. Hivyo kwa miaka kadhaa pengo moja lilikuwa ni mali Kanada na lilikuwa si kitu Ujerumani, nalo halikujua.

Septemba 2017 miaka 20 ilitimia na hataza ikaisha. Tangu siku hiyo kila mtu duniani ana ruhusa ya kutobofya mara ya pili nchini Marekani.

Aina ya 6: Mbofyo-Thibitishi

Huu ndio mbofyo ambao Aina ya 5 iliuondoa, na kwa hiyo unaujua tayari kwa sura ya ukosefu wake. Kazi yake ni kuuliza “una hakika?”. Wafanyabiashara wanauona kuwa adui. Sheria ya Ujerumani inauona kuwa raia mwema: tangu tarehe 1 Agosti 2012 kitufe cha mwisho cha kununua lazima kiseme waziwazi kwamba kubofya ni kuagiza na kulipa.

Mwanafunzi wa Nairobi hana haja ya kwenda Ujerumani kuuchunguza. Lipa bidhaa kwa M-Pesa: chagua huduma, andika namba ya duka, andika kiasi, andika namba ya siri, kisha uone maelezo ya malipo na ubonyeze kuthibitisha. Muuzaji anasubiri ujumbe uingie, wewe unasubiri yeye atikise kichwa, na foleni nzima nyuma yenu inasubiri vyote viwili. Tangu mwaka 2007 huduma hii imebeba fedha za mamilioni ya watu kwa mibonyezo ambayo, mbele ya mahakama ya Seattle, isingemvunjia mtu yeyote haki yake. Amani iliyopo haina maelezo mengine.

Aina ya 7: Mbofyo-Shikizo

Tarehe 27 Aprili 2004 Microsoft ilipata hataza namba 6,727,830 kuhusu vitufe vya kompyuta ndogo za mkononi. Kitufe kimoja, matendo matatu: kibonyeze kidogo, kinafungua programu moja, kishikilie kwa muda, kinafanya jingine, kibonyeze mara kadhaa haraka, kinafanya la tatu. Kwa hati hii Barzakhi ya Kidole ilipata mwenyewe. Muda wa kusitasita, uliokuwa faragha ya mwisho ya mbofyaji, ukawa ni amri kama amri nyingine. Wewe ukidhani bado unafikiri, kumbe umeshaagiza.

SEHEMU YA NNE: MBOFYO-SUFURI

Mfululizo ulio wazi (nne, tatu, mbili, moja) unadai hatua inayofuata. Mwaka 2015 Amazon ilitoa Dash, kijitufe cha plastiki cha kubandika ukutani kando ya mashine ya kufulia. Sabuni ikikaribia kwisha, unakibonyeza, na sabuni inakuja. Skrini imeondolewa, na bei pamoja nayo. Januari 2019 mahakama ya Munich ilisema kwamba kitufe hicho kinakiuka sheria ya kuwalinda walaji, kwa kuwa mnunuzi haonyeshwi bei wakati anapobonyeza. Mwaka huohuo vitufe hivyo vikaacha kuuzwa.

Lakini Sufuri yenyewe imeshafika kwa mlango wa nyuma. Ni ile huduma unayoijaribu bure kwa mwezi mmoja, ikajihuisha yenyewe mwezi wa pili, wa tatu na wa kumi. Kununua hakuhitaji mbofyo hata mmoja. Kuacha kununua ndiko kunakohitaji mibofyo, nayo imepangwa kwa ngazi, mingine ikiuliza sababu zako. Kutokana na hali hii napata Kanuni ya Uhifadhi: mbofyo haupotei, huhamishwa tu, kutoka mlango wa kuingilia kwenda mlango wa kutokea.

SEHEMU YA TANO: PINGAMIZI NA MAJIBU

Pingamizi la 1: “Haraka haraka haina baraka.” Jibu: wahenga waliotoa methali hii ndio waliosema pia “moja shika, si kumi nenda uje”. Methali ya kwanza ni Aina ya 6, ya pili ni Aina ya 5. Wahenga walikuwa wanambofyo waliokamilika, waliokosa umeme tu.

Pingamizi la 2: Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Alice mwaka 2014, ilisema kwamba wazo la kufikirika haliwi ubunifu kwa sababu tu limefanyiwa kazi kwenye kompyuta. Je, hilo halibomoi Pengo-Miliki? Jibu: kubomoa pengo ni kulipanua. Mwanafunzi anayeleta pingamizi hili arudie Sehemu ya Kwanza.

Pingamizi la 3: “Mambo haya ni madogo.” Jibu: kampuni mbili kubwa, majaji wa ngazi mbili, ofisi za hataza za mabara mawili na mawakili wanaolipwa kwa saa walijadili kwa miaka kama moja ni moja. Ama wao wote walikuwa wakifanya mambo madogo, ama mambo haya ni makubwa. Sitakubali mwanafunzi wangu awatukane mawakili.

MTIHANI

Jibu maswali yote.

1. Mteja amebonyeza kitufe cha kununua, akapatwa na usingizi kabla ya kuachia. Kitabu ni cha nani? (Alama 20)

2. Paka aliyetajwa katika 1.2 amebofya mara mbili, kwa tofauti ya milisekunde 500 kamili. Eleza undugu uliopo kati ya mibofyo hiyo. (Alama 20)

3. “Mbofyo wa pili ulikuwepo kabla ya kutokuwepo.” Jadili ukirejelea Barnes & Noble. (Alama 30)

4. Linganisha mrabaha wa Engelbart na mapato ya kibali cha Apple, kisha eleza kwa nini kuondoa kitu kunalipa kuliko kukibuni. (Alama 30)

Ukimaliza, bofya kitufe cha kuwasilisha, mara moja tu. Atakayebofya pacha atahesabiwa kuwa amefanya mitihani miwili, na atalipa ada ya yote miwili.